Kerala kwa Mtu wa Pwani: Boti Kubwa Siyo Mpango

Habari zenu ndugu zangu wa Tanga, Mombasa, Unguja, na nyinyi wa Mtwara ambao leo nina neno lenu. Hapa ni Alappuzha, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Angalieni nyuma yangu: minazi, migomba, bata wanaogelea, mama anafua kwenye ngazi za mfereji. Ukizima sauti ya video hii utaapa ni Pangani. Mtu wa pwani akifika huku, nusu ya vitu anavijua kwa jina, na nusu iliyobaki ndiyo inayomtoa nyumbani.

Nisogeze kamera muone ubao huu. Chombo hiki kinaitwa kettuvallam: kettu ni kufunga, vallam ni chombo. Mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, hazikupigwa misumari, kisha zikapakwa utomvu mweusi unaotokana na korosho. Wazee wa Lamu wakiona hapa watasema mtepe huo. Zamani vilibeba mpunga kutoka Kuttanad, mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari, yamezungushiwa matuta kuzuia maji. Malori yalipochukua mzigo, vyombo vikaezekwa paa la mianzi, vikatiwa vitanda na choo, vikawa boti za kulala wageni. Na watu wa Mtwara, korosho zenu ghafi zinafika mpaka viwanda vya Kollam, kusini mwa hapa. Huenda mmewahi kuzila zikiwa zimerudi na pakiti mpya.

Sasa, kwenye hizi boti ndipo wageni wanapoliwa pesa. Bei ya chumba kimoja kwa watu wawili, pamoja na chakula, huanza karibu rupia 7,000 na sikukuu hupaa. Unapanda saa sita mchana, unashuka saa tatu asubuhi ya kesho. Inasikika ndefu, lakini saa kumi na moja na nusu jioni boti lazima ifungwe, kwa sababu usiku ni zamu ya wavuvi kutandaza nyavu. Toa muda wa kusimama kula, unabaki na safari ya saa tano hivi. Na kwa ukubwa wake haipenyi mifereji myembamba, ambayo ndiyo uliyoiona kwenye picha.

Kama moyo umeshaganda hapo, basi usilipie picha ya mtandaoni. Malalamiko makubwa ni hayo: boti ya kwenye picha siyo inayokungoja. Nenda gatini kwa miguu saa nne asubuhi, ingia ndani, lala kitandani, fungua bomba. Uliza kiyoyozi kinawashwa saa ngapi, maana nyingi huwasha kuanzia saa tatu usiku tu. Tazama jenereta iko umbali gani na chumba. Uliza maji ya choo yanakwenda wapi. Mwenye boti akijikunakuna kichwa, shuka. Andika namba ya boti kwenye risiti, lipa sehemu tu.

Mimi ningewaambia hivi: pandeni boti ya serikali kutoka Alappuzha kwenda Kottayam. Ni safari ya muda wa saa mbili na nusu, pamoja na wanafunzi na kina mama wa sokoni, na nauli ni ndogo kuliko sahani ya biriani. Kasoro yake ni magugu maji, yaleyale ya Mwanza na Kisumu. Yakijaa, yanajisokota kwenye panga la injini na njia inakatwa, kwa hiyo ulizia gatini siku moja kabla. Kesho yake alfajiri chukua mtumbwi wa kasia, kwa muda wa saa mbili au tatu, ndani ya mifereji. Huo hauna jenereta.

Chakula hakitakusumbua. Muhogo wanauita kappa, unaliwa na mchuzi wa samaki wenye ukwaju wao mweusi, kodampuli. Appam ni binamu wa vibibi. Puttu ni unga wa mchele na nazi ya kukuna, hujazwa kwa zamu kwenye bomba na kupikwa kwa mvuke. Siri iko kwenye maji: ukiufinya unga ushikane, ukiugusa kwa kidole usambaratike. Ukilowa zaidi, inatoka tofali. Nyama ya ng'ombe ipo, inakaangwa na vipande vya nazi. Hata mgema yupo, anapanda mnazi asubuhi na kibuyu.

Majira. Upepo wa kusi mnaoujua huko, ukifika huku unageuka mvua, kuanzia karibu tarehe 1 Juni. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi na rubani aliyepewa huko, na kusi hiyohiyo ikamleta pwani hii mwezi Mei. Nyinyi njooni Desemba hadi Februari. Mkipanda Munnar kwenye mashamba ya chai, kilomita 130 kutoka jiji la Kochi, hesabuni saa nne za kona na mbebe sweta. Msimu wa mvua, msituni kuna ruba, chumvi mfukoni.

Karatasi: viza ya mtandaoni iombe kwenye tovuti ya serikali tu, inayoishia na gov.in, maana zipo za kujifananisha zinazotoza zaidi. Kadi ya homa ya manjano msiifanyie mzaha. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya India. Bila kadi unaweza kutengwa hadi siku 6. Na chanjo huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo ya jana haikusaidii. Gesti ndogo muulize kwa simu kama inapokea wageni wa nje, kwani lazima ikuandikishe serikalini, na isiyosajiliwa itakukataa mlangoni usiku.

Dereva mwite chetta, kaka. Mama muuza chai ni chechi, dada. Na chai yenyewe ni chaya. Chetta wa mtumbwi ameshafungua kamba, ngoja nikae katikati, huu mtumbwi hautaki mtu wa kujitikisa.