Wakili wa nyumba na paneli ya benki: unaingiaje, unabakije

Haya jamani, karibuni, sogeeni mbele viti vipo. Leo nataka kuongea hasa na nyie vijana mnaosomea uwakili hapa Uingereza, wale mnaosema nikimaliza tu nafungua ofisi yangu nihudumie watu wetu wanaonunua nyumba. Wazo zuri sana hilo, nalipenda toka moyoni, maana wazee wetu wengi wanasaini makaratasi ya nyumba bila mtu wa kuwaelezea kwa lugha yao. Ila usipojua paneli za benki zinavyoenda, ofisi yako itafungwa kabla rangi ya bango haijapauka.

Paneli yenyewe ni nini. Hapa England na Wales mtu akinunua nyumba kwa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, mara nyingi wakili ni mmoja tu na anawatumikia wawili: mnunuzi, na benki inayotoa hela. Sasa benki haiwezi kumtumia wakili yeyote tu laki kadhaa za pauni, kwa iyo inakuwa na orodha yake ya ofisi inazozikubali, na kila benki ina yake. Kama haumo, benki itaweka wakili wake mwingine, mteja wako analipa mawakili wawili, mambo yanachelewa, na mara nyingi mteja anaona bora ahamie ofisi nyingine mapema. Huwezi kumlaumu.

Kuomba kuingia ni makaratasi, na makaratasi yana majibu. Watataka namba yako ya SRA, wale wanaosimamia masolisita, au ya CLC, wanaosimamia wataalamu wa uhamisho wa nyumba, kama nyie ni wasajiliwa wa kule. Watataka cheti cha bima ya kazi, kima cha chini cha SRA ni pauni milioni 2, na kama ofisi ni kampuni au LLP (ushirika wenye dhima yenye kikomo) ni milioni 3. Watauliza umeshawahi kudaiwa mara ngapi kwenye bima, kuna mwenzenu aliyefilisika au kuadhibiwa, akaunti ya wateja ipo benki gani, nani anasimamia kazi za nyumba, mnazuiaje hela chafu. Benki nyingi zinakusanya haya kupitia mfumo wa pamoja unaitwa Lender Exchange, unajaza, unalipia, unasasisha. Alafu kuna CQS, cheti cha ubora wa kazi za nyumba cha Law Society, chama cha masolisita, kilichoanza 2011, ambacho kwa benki nyingi ndo tiketi ya mlangoni kwa ofisi za masolisita. Hicho nacho unatakiwa kukihuisha, wafanyakazi wanasoma mafunzo yake, na wakaguzi wanaweza kuja kufungua mafaili yako.

Zipo benki zinazotaka ofisi iwe na wakurugenzi wawili au zaidi, wakili anayefanya kazi peke yake anaachwa nje hata awe msafi vipi. Mimi hilo naona sio haki na nitalisema popote. Lakini mjue limetoka wapi. Baada ya mgogoro wa fedha wa 2008 benki zilianza kufukua mikopo iliyokufa, zikakuta mawakili waliosaini bila kuangalia, wengine wameshirikiana na matapeli kabisa, zikashtaki na zikapunguza orodha. Januari 2012 benki ya HSBC ilikata paneli yake ikabaki na ofisi 43. Arobaini na tatu, kwa nchi nzima! Kelele zilipigwa, Law Society ikiwa mbele, na baadaye wakalegeza. Ila ujumbe ulifika kila ofisi ya mtaani: kumbe mlango unaweza kufungwa asubuhi moja tu.

Sasa kubaki, na hapa ndo nataka mnisikilize sana, maana watu wanatoa jasho kuingia wakishaingia wanalala.

Jambo la kwanza ni kuripoti. Kitabu chenu ni Handbook ya UK Finance, chama cha mabenki, sehemu ya kwanza ni masharti ya wote, sehemu ya pili kila benki na yake. Zinabadilika, kwa iyo usifanye kazi kwa kukumbuka, fungua kila faili jipya linapoanza. Kiini chake ni kwamba benki nayo ni mteja wako. Sio mgeni wa mteja, ni mteja. Chochote ulichokiona ambacho kinaweza kubadilisha uamuzi wake wa kukopesha, unamwambia. Bei imeshuka toka ile iliyoandikwa kwenye ofa, unaripoti. Muuzaji anamrudishia mnunuzi elfu kumi chini ya meza eti za kukarabati jiko, unaripoti. Muuzaji mwenyewe ana hati hajafikisha miezi sita, unaripoti. Kuna kesi ya zamani ya Mortgage Express na Bowerman, miaka ya tisini, wakili aliona kabisa kwamba flati inayouzwa pauni 220,000 muuzaji mwenyewe anainunua 150,000, akanyamaza upande wa benki, mahakama ikasema hapana, ulipaswa kusema.

Na kwa watu wetu shida kubwa ni dipoziti. Mnunuzi anakuja na elfu thelathini, ukiangalia steitimenti unakuta elfu nane imetoka kwa shemeji Mombasa, elfu tano ya upatu wa kina mama, nyingine mchango wa familia kwenye grupu la WhatsApp. Hela ni halali kabisa, watu wamekula ugali na sukuma mwaka mzima kuikusanya. Lakini Handbook inakutaka uulize kama salio la bei linatoka mfukoni kwa mkopaji mwenyewe, na kama sivyo benki ijue. Watataka kujua ni zawadi au ni deni, na aliyetoa hatadai sehemu ya nyumba kesho. Mteja atakwambia, wakili wewe ni mtoto wetu, hii usiwaambie wazungu, watakataa mkopo. Unafanyaje? Siri ya mteja ni siri, huwezi kuitoa bila ruhusa yake. Lakini pia huwezi kuendelea kuitumikia benki huku unaificha. Unakaa naye, unamwambia kwa heshima, shikamoo zako zote, kwamba mama nikiruhusiwa naripoti na mara nyingi barua ya zawadi inamaliza hili, usiponiruhusu narudisha kazi ya benki, nasema tu kuna mgongano wa maslahi, sisemi zaidi. Ukiweza kuongea hayo bila kumvunjia heshima, wewe ni wakili, na ndo maana nataka mbaki kwenye hizi paneli, kwa sababu wakili asiyejua upatu ni nini atamwona huyu mama kama mhalifu.

Jambo la pili ni hela ikishaingia kwenu. Hela ya benki iko mikononi mwenu kwa amana hadi ununuzi ukamilike kweli. Kuna ofisi inaitwa Markandan & Uddin, ilitoa pauni 742,500 za mkopo kwa watu waliojifanya tawi la ofisi nyingine ya uwakili, tawi halikuwepo kabisa, na 2012 mahakama ya rufaa ikawabebesha hasara. Kwa iyo kabla ya kutuma, hakikisha ofisi ya upande wa pili kwenye rejista ya SRA, tawi lile lile, na akaunti piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyo kwenye barua pepe yao.

Na kuna kesi ya benki ya AIB na ofisi ya mawakili ya Mark Redler, hii hata haina utapeli. Benki inakopesha milioni 3.3, sharti deni la benki ya Barclays lilipwe lote ili AIB iwe ya kwanza kwenye hati. Barclays ilikuwa na akaunti mbili kwenye nyumba ile. Ofisi ikalipa kama ni moja, ikabaki kama laki tatu na elfu tisa, Barclays ikagoma kutoa nafasi yake. Nyumba iliishia kuuzwa milioni 1.2. AIB ikataka karibu hasara yote, 2014 Mahakama ya Juu ikasema wakili alipe kile kilichosababishwa na kosa lake tu, kama 273,000. Watu wanaisoma chuoni kama ushindi wa mawakili. Mimi naisoma hivi: mtu alikuwa na karatasi ya deni mezani na hakuuliza kama ina akaunti ngapi.

Jambo la tatu linawatoa wengi kimya kimya, kusajili. Mteja ameshachukua funguo, kila mtu kafurahi, faili linasukumwa pembeni. Wakati rehani ya benki haijakamilika kisheria mpaka iingie kwa Land Registry, ofisi ya serikali ya hati za ardhi. Ulinzi wa ile sechi ya OS1, fomu inayokulinda mtu mwingine asisajili kabla yako, ni siku 30 za kazi, na ritani ya kodi ya stempu, kwa England, ni siku 14 toka 2019. Benki inaona nani anachelewa.

Mwisho kuna idadi. Baadhi ya benki zinaondoa ofisi isiyowaletea kazi ya kutosha, hata kama haijakosea. Kwa iyo ofisi ndogo, weka jedwali la kila benki uliyonayo, faili ngapi mwaka huu, bima inaisha lini, CQS lini, nani alibadilika kwenye uongozi, na yakibadilika waambie wao kabla hawajagundua. Ukitolewa, omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa siku hiyo hiyo, na wale wateja wenye mafaili yaliyo katikati wapigie wewe mwenyewe kabla benki haijawapigia.