Punda Mtazame Masikioni: Mhadhara wa Kupe Wachanga, Lamu

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa punda.

Mwenye punda ukimwambia mnyama wake ana kupe, moja kwa moja huinua mkia. Ni sawa, kwa kuwa kupe mkubwa mwenye miguu myekundu hujikusanya pale. Lakini watoto wake hulelewa kwingine, ndani ya sikio, na leo nataka tukae huko.

Yai likianguliwa hutoka kidudu kisichofika milimita moja, chenye miguu sita. Ukihesabu sita, huyo hajajivua gamba hata mara moja. Hupanda majani, humngoja punda apite, kisha huzama ndani kabisa ya tundu la sikio. Hunyonya, hujivua humo humo, huibuka na miguu minane, hunyonya tena. Huyu wa pili huwachanganya watu, maana umbo ni la kupe mzima. Kinachokosekana ni tundu la uzazi tumboni, na hilo bila darubini hulioni, basi sisi tutategemea udogo wake na mahali tulipomkuta. Baada ya wiki mbili hivi hudondoka ameshiba, hukomaa ardhini, kisha hutafuta mnyama mwingine.

Hapa nisikilizeni vizuri. Vimelea vya Theileria equi, vinavyoshambulia damu ya punda na farasi, havirithiwi kupitia yai la kupe huyu. Kile cha miguu sita huingia sikioni kikiwa safi. Ugonjwa hukipata humo humo, na atakayeambukizwa baadaye huenda akawa punda wa jirani. Tena punda aliyepona anaweza kubaki na vimelea kwa miaka, huku anabeba mchanga na mawe kama kawaida. Unene wake usiwadanganye.

Ila kanuni hiyo msiipeleke kwa kila kupe. Kupe wa bluu wa ng'ombe huwarithisha watoto wake vimelea vya babesia, vinavyoleta ugonjwa wa kukojoa damu. Na kupe wa madoadoa hurithisha bakteria wa homa ya kupe inayotupata sisi watu. Kwa hiyo vile vidogo vinavyowapanda miguuni malishoni msividharau. Ukipata homa, kichwa kikauma, na ulipoumwa pakawa na kigaga cheusi, nenda hospitali na umwambie daktari habari ya kupe. Usiishie kupima malaria tu.

Naona mzee ameniuliza kuhusu mafuta ya taa. La, mzee wangu, yataunguza sikio, na punda hatakuruhusu kulishika tena. Tumia dawa ya kupe ya kupaka, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Wale wa ukingoni washike kwa kibano karibu na ngozi, uvute polepole bila kuzungusha, uwatie kwenye spiriti. Ukimtupa chini yuko hai naye ameshiba, umemsaidia safari.