Bega Ndiyo Ardhi ya Kichwa: Mhadhara kuhusu Kubuni Kiegemeo cha Kukunja kwa Msafiri

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa chuo hiki, na ninyi wanafunzi wa uchomeleaji, useremala na ushonaji ambao ndio hasa niliowafuata: nimepewa saa nzima kuzungumzia kitu kinachoenea kwenye mkoba kama kitabu, nami nitaitumia yote, kwa sababu kitu hiki kimenichukua miaka mitatu na bado hakijaisha. Ni kiegemeo cha kichwa kwa abiria aliyekaa kwenye siti ya basi, treni au ndege, ambacho hukunjwa wakati hakitumiki na kukunjuliwa pale usingizi unapokuja. Nitawaonyesha kinavyofanya kazi, lakini kwanza naomba tuelewane kuhusu shida yenyewe, kwa kuwa nimeona vielelezo vingi vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa na watu ambao hawakuwahi kujiuliza uzito wa kichwa unakwenda wapi.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, nacho kimekaa juu ya pingili saba za shingo. Kinachokizuia kisianguke ni misuli, na misuli hiyo hufanya kazi kutwa nzima bila sisi kuihisi. Mtu akisinzia, misuli hulegea kidogo kidogo, na akifika kwenye usingizi wa ndoto hulegea karibu kabisa. Aliyelala kitandani hapati taabu, kwa kuwa godoro limeshaupokea uzito. Aliyekaa kwenye siti hana wa kumpokelea: kichwa kinaporomoka mbele au pembeni, misuli inashtuka na kukirudisha, naye anaamka, kisha anasinzia tena na kushtuka tena, mpaka anashuka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyopanda. Tangu Serikali ya Tanzania ilipoyaruhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku mwaka 2023, taabu hii imekuwa ya kila siku kwa watu wanaokwenda Mbeya, Mwanza au Bukoba na ambao wanatakiwa kuwa kazini au msibani mara tu wanaposhuka.

Naomba tuupime huo uzito, maana bila hesabu tutabaki kubishana kuhusu ulaini wa mito. Chukueni kichwa cha kilo 5, kinachovutwa chini kwa nguvu ya nyutoni 49. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko sentimita 18 juu ya shina la shingo, na kichwa kimeinama pembeni kwa nyuzi 30. Momenti, yaani nguvu ya kupindua, ni 49 mara 0.18 mara nusu, ambayo inatupa nyutoni-mita 4.4. Mkiweka kizuizi sentimita 12 juu ya shina hilo, kwenye usawa wa taya, kizuizi kitasukumwa kwa nyutoni 37 hivi, sawa na kubeba mfuko wa sukari unaokaribia kilo nne. Sponji laini ikipewa mzigo huo inabonyea hadi mwisho wake na kuacha kufanya kazi. Tena, mzigo huo ukiegemea sehemu ya ukubwa wa kidole gumba kwenye mfupa wa taya, hakuna atakayeuvumilia kwa dakika tano. Ukitandazwa kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, mtu analala.

Sasa utazameni ule mto wa shingo wenye umbo la herufi U unaouzwa kila stendi. Unene wake mkubwa uko nyuma, mahali ambapo siti imeshaweka egemeo, kwa hiyo unakisukuma kichwa mbele kabla usingizi haujaanza. Pembeni, panapohitajika kimo, ni mfupi usioifikia taya ya mtu mwenye shingo ndefu. Mbele, upande ambao kichwa hupenda kuangukia, uko wazi. Nina sababu nyingine ya kuukataa unene wa nyuma. Ile sehemu ya juu ya siti, ambayo Marekani iliifanya kuwa lazima kwa siti za mbele za magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1969, iliwekwa ili kukizuia kichwa kisirushwe nyuma gari linapogongwa kwa nyuma, na kazi hiyo inataka kichwa kiwe karibu nayo. Sitaki kifaa changu kikae katikati ya viwili hivyo.

Kielelezo changu cha kwanza kilikwepa kosa hilo na kuangukia kosa jingine. Kilikuwa na mabawa mawili ya plaiwudi yenye bawaba, yaliyoning'inizwa juu ya siti kwa ndoano mbili, kila bawa likiwa limevishwa sponji. Karakanani kilipendeza. Barabarani, kwenye matuta ya ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ndoano moja ilichomoka na bawa likanipiga chini ya jicho, na abiria wa nyuma, ambaye ndoano zilikuwa zimemwingilia magotini, alinieleza kwa haki kabisa kwamba siti hii nimeilipia peke yangu lakini mgongo wake ni wa wote wawili. Hata kama ndoano zingeshika, kifaa kilikuwa na kasoro ya msingi. Siti hutikisika na basi. Mwili wa aliyekaa una mtikisiko wake, na huyumba zaidi pale gari linapotetemeka mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo shavu lililoegemea kitu kilichofungwa kwenye siti husuguliwa na kugongwa safari nzima. Kioo cha dirisha ni kibaya zaidi, na bado wengi wetu tunalala tumekiegemea kwa sababu hakuna kingine.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja tuliyekaa siti moja kwenda Iringa. Ilikuwa yapata saa tisa usiku, basi linapanda Kitonga, na kila kona ilikuwa ikitutupa kushoto na kulia. Nilikuwa nimekipa kioo kichwa changu. Yeye alikuwa ameviringisha kanga ikawa nene kama mkono, ameipachika kati ya bega na taya, ncha moja ameipitisha chini ya kwapa na kuikalia, naye amelala fofofo. Alipoamka nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Shingo inaniuma sana."

"Si umelala kwenye kioo! Gari linakupiga. Weka nguo hapa begani, kichwa na bega viende pamoja."

Nilivua koti nikafanya alivyosema, na nililala mpaka Iringa. Asubuhi ile ndipo nilipozitupa ndoano. Bega halitofautiani na kichwa wakati basi linaruka, kwa kuwa vyote viwili ni vya mwili mmoja. Kinachohitajika ni nguzo fupi ya kuuteremsha uzito kutoka kwenye taya hadi begani, na kutoka begani uende kifuani na kwenye siti kwa njia yake ya kawaida.

Nilipoanza kutafuta nguzo hiyo nilikuta kwamba watu wa upande huu wa dunia wameishughulikia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Wanaume wa Kiturkana wa kaskazini mwa Kenya hutembea na ekicholong, kipande cha mti kilichochongwa kikawa kigoda mchana na kiegemeo cha kichwa wakati wa kulala, chenye kishikio cha ngozi. Kiliinua kichwa juu ya mchanga na kuzilinda nywele zilizopambwa kwa udongo zisiharibike. Wasomali wana barshi, iliyochongwa kwa kazi hiyohiyo. Misri ya kale ilikuwa na viegemeo vya mbao, mawe na pembe za ndovu, na katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, kilitolewa kimoja cha pembe za ndovu chenye vichwa vya mungu Bes, na miguu yake inapishana na kukunjika kama ya kigoda cha safari. Nilipoiona picha yake nilikaa kimya muda mrefu. Zaidi ya miaka 3,300 iliyopita fundi alikuwa ameshaunganisha mambo mawili ninayoyatafuta, kubeba kichwa na kukunjika. Tofauti ni moja: vyote hivyo husimama juu ya ardhi, na anayevitumia amejinyoosha ubavuni. Abiria hana ardhi karibu na kichwa chake. Ardhi yake ni bega.

Kuhusu kukunjika, sikulazimika kwenda Misri. Jikoni kwetu kuna mbuzi ya kukunia nazi, ambayo miguu yake inapishana. Unaifungua, unaikalia, na uzito wako mwenyewe ndio unaoituliza. Misikitini kuna marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, chenye mabawa mawili yaliyochongwa kutoka kwenye ubao mmoja na kupishana bila msumari. Vyote viwili vina siri moja ambayo naomba mwichukue leo hata mkisahau mengine: mzigo unapokuja kutoka juu, miguu hutaka kutanuka, na kuna kitu kinachoizuia kwenye kipimo kilichopangwa, basi kadiri mzigo unavyozidi ndivyo kifaa kinavyozidi kujifunga. Hakihitaji komeo, springi wala kitufe. Kielelezo changu cha pili kilikuwa na komeo la plastiki, na komeo hilo lilikatika kabla ya mwezi kwisha.

Hiki basi ndicho kielelezo cha nne. Ni fremu mbili za alumini bapa, upana milimita 20 na unene milimita 3, kila moja imepindwa umbo la herufi U, zinapishana kama mkasi na kuunganishwa kwa bolti mbili. Miguu ya chini inapanda bega kama tandiko linavyopanda punda: mmoja mbele juu ya kifua, mwingine nyuma kati ya bega na siti. Wa nyuma lazima uwe bapa kabisa, la sivyo abiria atahisi ameegemea tawi. Juu, kati ya mikono miwili, nimeshona kipande cha turubai la pamba, na humo ndimo taya na shavu vinalala. Turubai ndilo linalozuia fremu zisitanuke kupita kiasi, kwa hiyo urefu wake ndio unaoamua kimo cha kiegemeo, na mshonaji akikosea sentimita mbili kazi yote imeharibika. Mkono wa mbele nimeufanya mrefu kuliko wa nyuma ili kidevu kisiteleze kwenda kifuani. Chini kuna mkanda wa begi unaopita kwapani, mahali ambapo yule mama aliipitisha ncha ya kanga yake.

Kwa nini alumini? Fremu mbili zina jumla ya urefu wa sentimita 116, ambao kwa vipimo nilivyotaja ni sentimita za ujazo karibu 70. Kwa alumini, yenye gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, hiyo ni gramu 188. Kwa chuma, chenye gramu 7.85, ni gramu 546, na nusu kilo begani usiku kucha si jambo dogo. Alumini ina ugumu wake wa kazi: mkiipinda kwa kona kali inapasuka upande wa nje, kwa hiyo zungushieni bomba la nusu inchi, taratibu. Miguuni nimegundisha vipande vya soli ya ndala, ambavyo havitelezi juu ya nguo na vinapatikana popote. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, kwa sababu mtetemo wa basi hufungua nati ya kawaida kabla ya kufika Morogoro.

Kuna mambo matatu ambayo siyafanyii mzaha. La kwanza, hakuna kitu chochote kinachozunguka shingo. Mkanda uko kwapani, tena umefungwa kwa velkro iliyopunguzwa, ili ukivutwa kwa nguvu uachie wenyewe. La pili, dereva akifunga breki ghafla, fremu iliyo karibu na koo ni hatari, kwa hiyo ncha ya mkono wa mbele inaishia sentimita nne kabla ya kidevu, na sehemu iliyobaki ni turubai lililojazwa nyuzi tu. Mkanda wa siti unafungwa kwanza, kiegemeo baadaye, na kwenye ndege kinakaa kwenye mkoba wakati wa kuruka na kutua. La tatu ni nywele. Dada yangu alikijaribu kielelezo cha tatu, na maungio ya bolti yakanasa nywele zake za kusuka. Ilibidi tutumie mkasi. Nililia kwa aibu. Sasa maungio yote yamefunikwa kwa kitambaa, na turubai linavuliwa likafuliwe, maana kwa joto la Dar es Salaam shavu hutoa jasho, na sponji iliyokunywa jasho la wiki mbili haifai kuwekwa karibu na pua ya mtu.

Majaribio yangu ni ya kikarakana. Nilikiwekea mfuko wa mchanga wa kilo 15, ambao ni mara tatu ya kichwa, kwa sababu tuta halipimi uzito kwa upole. Kilihimili usiku mzima, ila mshono wa kona moja ulifunguka, nami nikauongezea utepe. Kisha nilikikunja na kukikunjua mara 1,000 nikihesabu, na bolti ililegea kwa upana wa ukucha.

Kilichonishinda hadi leo ni ukubwa. Umbali kutoka begani hadi chini ya sikio hautofautiani tu kati ya mtu na mtu. Hutofautiana kwa mtu huyohuyo akivaa koti, au akichoka na mabega yakaanguka. Nimejaribu kutoboa matundu matatu ya bolti, lakini kila tundu hudhoofisha fremu mahali pale pale penye mzigo mkubwa. Nadhani jibu liko kwenye turubai, kwa kulifupisha na kulirefusha kwa kamba kama tanga, ila mimi si mshonaji. Nakala tano za kielelezo hiki cha nne ziko hapa mezani. Chukueni, kaeni kwenye viti vyenu, legezeni shingo kwa dakika kumi kama mtu aliyelala kweli, kisha kila mmoja aje anionyeshe kwa kidole mahali panapomuuma. Nitatia alama ya chaki papo hapo kwenye turubai.