Kimelea Kisichotoboa Utumbo: Mhadhara Uliotolewa Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wahudumu wa afya, walimu na vijana wa skuli mliofika, mada yetu ni vijidudu vinavyoshambulia utumbo. Vipo vingi. Salmonella ya homa ya matumbo hupenya ukuta wa utumbo, ikajificha ndani ya seli za kinga na kusambaa kwa damu. Shigella huingia kwenye seli za utumbo mpana na kuziua, ndiyo maana mgonjwa huharisha damu na ute. Leo nitabaki na kimoja, Vibrio cholerae, kimelea cha kipindupindu, kwa sababu chenyewe hakitoboi kitu. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo, na bado huweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache. Tiba yake kuu inatokana na jambo hilo.

Maskani yake ni maji ya chumvi kidogo, pale mto unapokutana na bahari, ambako hujibandika kwenye magamba ya viumbe wadogo wa jamii ya kamba. Huko jeni za sumu hazina kazi, zimezimwa. Tena si zake kwa asili: mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionesha kuwa ziliingizwa na virusi vinavyoambukiza bakteria.

Mtu anapovimeza, asidi ya tumbo huviua vingi. Katika majaribio ya Marekani ya miaka ya 1970, watu waliojitolea walihitaji kunywa vimelea milioni 100 au zaidi ndipo waharishe. Walipopewa kwanza gramu 2 za sodiamu baikaboneti, ile ya kupunguza asidi, vimelea milioni 1 vilitosha. Chakula nacho hupunguza makali ya asidi, kwa hiyo wali uliolala bila kupashwa moto una hatari mara mbili: vimelea huongezeka ndani yake, kisha wali wenyewe huvikinga na asidi tumboni.

Vilivyosalimika huingia utumbo mwembamba. Kila kimelea kina mkia mmoja, nao ndio unaokisukuma ndani ya ute. Katikati ya utumbo kuna nyongo, na mafuta yaliyomo humo huzuia protini iitwayo ToxT, ambayo ndiyo huwasha jeni za maradhi. Karibu na ukuta, nyongo hupungua na baikaboneti ya mwili huwa nyingi. Hapo ToxT huanza kazi. Kimelea, basi, hakipotezi sumu njiani. Huitoa kikiwa kimeshafika.

Kwanza huota nywele nyembamba zinazovifunga vimelea pamoja vikawa makundi. Mwaka 1988 watu waliojitolea walimezeshwa vimelea vilivyoondolewa jeni ya nywele hizo, na havikuweza kukaa utumboni. Bila kushikamana hakuna maradhi, hata kama sumu ipo.

Kisha sumu. Aliyethibitisha kuwa ipo ni Sambhu Nath De wa Kolkata, mwaka 1959. Alifunga vipande vya utumbo wa sungura, akaingiza humo majimaji yaliyochujwa hata yasibakiwe na bakteria hai, na vipande vikavimba kwa maji. Sumu hiyo ina sehemu moja ya A na tano za B. Zile tano hunasa GM1, mafuta yenye sukari yaliyo juu ya seli. Sehemu ya A huingia ndani na kuibana swichi moja ya seli isizimike tena, kemikali iitwayo siklik AMP ikajaa, na mfereji wa CFTR, mlango wa seli unaopitisha kloridi, ukabaki wazi. Kloridi hutoka, sodiamu hufuata, maji hufuata. Mgonjwa mahututi huweza kupoteza lita 1 kwa saa, choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele.

Hapa naomba tutulie kidogo. Seli zenyewe hazijafa. Kuna njia nyingine ya kuingizia sodiamu, ambayo hufanya kazi pale tu sodiamu na glukosi vinapofika pamoja, na sumu haiigusi. ORS, ile dawa ya kunywa ya chumvi na sukari, hupita humo. Pakiti moja ni ya lita 1 kamili ya maji safi. Kama pakiti hamna: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita 1. Kosa ninaloliogopa ni kuzidisha sukari ili mtoto apende. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na kuhara huongezeka. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji mara moja dripu ya Ringer, maji yenye chumvi za mwili: mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, na kwa aliyetimiza mwaka 1 na zaidi, 30 za mwanzo ziingie ndani ya dakika 30, zilizobaki 70 kwa saa mbili na nusu.

Vimelea vikishajaa, hujiachia kutoka ukutani na kutoka na choo. Mwaka 2002 watafiti walichukua choo cha wagonjwa wa Bangladesh wakakijaribu kwa vitoto vya panya: vimelea vilivyotoka muda huo viliambukiza kwa urahisi zaidi sana kuliko vilivyokuzwa maabara, na hali hiyo iliendelea hata baada ya saa 5 katika maji ya bwawa. Ndiyo maana anayemuuguza mgonjwa yumo hatarini kuliko wote. Ndoo ya choo iwekwe klorini ya 2% kabla haijatumika, kiasi cha sentimita 1 chini. Kwa HTH, unga wa klorini wa 70%, hiyo ni gramu 30 kwa lita 1. Ya kunawia mikono ni 0.05%, yaani gramu 7 kwa lita 10. Unga wa kopo lililokaa wazi hupoteza nguvu, na maji ya klorini yachanganywe upya kila siku.

Kwa wa maabara, maneno mawili. Sampuli ya choo isiwekwe kwenye friji, kwani baridi huviua vimelea. Na kwenye maji ya peptoni yenye alkali, yale ya kukuzia vimelea, chukueni kutoka juu kabisa baada ya saa 6 hadi 8, kwa kuwa vimelea huogelea kufuata oksijeni. Mkichelewa, bakteria wengine huwazidi.

Nimeulizwa kwa nini chanjo iliyotolewa mwaka 2009 hapa Pemba, katika Kengeja, Mwambe na Shamiani, ilinywewa na maji yenye baikaboneti. Ilikuwa na vimelea vilivyouawa pamoja na sehemu ya B ya sumu, na asidi ya tumbo huiharibu hiyo B. Kinga ikiizoea B, huizuia sumu isinase GM1. Waliopata dozi mbili, huku na Unguja, walikingwa kwa 79% katika zaidi ya mwaka mmoja wa ufuatiliaji. Hunywewa katika mililita 150 za maji, mtoto wa miaka 2 hadi 5 akipewa nusu ya maji hayo pamoja na dozi nzima ya chanjo, na kila anayeinywa asile wala kunywa kitu saa moja kabla na saa moja baada.