Mwenye Mgonjwa ni Nani?

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wanangu mlioripoti kazini wiki hii, hamjambo. Mganga Mfawidhi ameniomba nizungumze juu ya umiliki wa kazi na huruma kwa wagonjwa. Nimekuwa muuguzi mkunga miaka 31 kabla ya kustaafu. Nitaanza na usiku mmoja, kwa sababu ndio ulionifundisha haya ninayotaka kuyasema.

Haikuwa hospitali hii. Tulikuwa wawili zamu ya usiku, chumba cha watoto wachanga, watoto kumi na mmoja. Mmoja alizaliwa kabla ya siku zake, kifua kikibonyea kila akivuta pumzi. Alikuwa kwenye oksijeni. Mnakijua kile kichupa cha maji kinachochemka mapovu hewa ikipita. Saa nane usiku mama yake akanigusa mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: "Sista, mbona maji yametulia?"

Nikatazama geji. Mshale umelala kwenye sifuri. Mtungi mwingine wa oksijeni ulikuwepo kwenye korido, umejaa, lakini spana ya kuufungulia haikuwa mahali pake. Mwenzangu akashika ambu, ule mfuko wa kupumulishia kwa mkono, akawa anampumulisha mtoto, mimi nikakimbilia chumba cha upasuaji kuomba spana. Nilirudi nayo. Tuliunganisha mtungi. Saa tisa na nusu yule mtoto akafariki.

Asubuhi nilikaa na kitabu cha ripoti, nikaandika: "Oksijeni iliisha. Spana haikuonekana. Mtoto alifariki." Nikapiga sahihi, nikaenda nyumbani.

Zitazameni vizuri sentensi zile. Mtu yuko wapi? Oksijeni imeisha yenyewe, spana imepotea yenyewe. Lugha yetu inatupa vitenzi vizuri sana vya kujifichia: faili halikuonekana, sampuli ilimwagika, dawa ilichelewa, mgonjwa alisahaulika. Alisahaulika! Hivi mtu anasahaulika bila kuwepo aliyemsahau?

Ukweli ulikuwa huu. Sista wa zamu ya jioni aliuona mshale umeingia kwenye nyekundu, akasema wa usiku watauona. Mimi niliuona wakati wa kupokea zamu, saa mbili, nikajiambia utatufikisha asubuhi, wahusika wa mitungi watakuja. Mwenzangu aliuona pia, akadhani nimeshatoa taarifa. Watu watatu, macho sita. Na wote tulikuwa na huruma, nataka mlielewe hilo. Mwenzangu alikuwa amemnunulia mama yule uji kwa hela yake jioni ile, maana ndugu zake walikuwa mbali. Huruma haikupungua chumbani mle. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: huyu ni wangu, mpaka nimkabidhi kwa fulani, kwa jina, naye aitikie.

Kuna kauli tunayoipaza kila siku kwenye korido: "Ndugu wa mgonjwa! Mwenye mgonjwa wa kitanda namba saba yuko wapi?" Nami nimeipaza mara nyingi mno. Lakini huyo mwenye mgonjwa ameambiwa abaki nje ya geti mpaka saa ya kutazama wagonjwa. Kati ya saa moja na nyingine, mwenye mgonjwa ni nani kama si wewe?

Umiliki unaanza na jina. Kule Uingereza alikuwepo daktari wa wazee, Kate Granger, aliyepata saratani akiwa bado kijana. Mwaka 2013 alilazwa, na akiwa kitandani akagundua kwamba wengi waliokuja kumhudumia hawakumtajia hata majina yao. Yeye mwenyewe daktari! Akaanzisha kampeni yenye ujumbe mfupi kabisa: habari, jina langu ni fulani. Alifariki mwaka 2016, ana miaka 34, na kampeni ile imeenea hospitali nyingi. Kwetu sisi tuliolelewa kwamba huwezi kupita kwa mtu bila salamu, hili lilipaswa kuwa jepesi. Lakini tunavaa sare, na salamu tunaiacha getini. Tunaingia wodini tunavua blanketi la mtu mzima, mzee wa kumwamkia shikamoo, tunamchoma sindano, tunaondoka.

Na jina halimsaidii mgonjwa peke yake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa Tanzania, Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mle ndani mna mambo mengi, antibayotiki kabla ya kukata, kuhesabu pamba na sindano kabla ya kutoka, sitasema ni jambo moja lililoleta matokeo hayo. Ila kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Nimeshuhudia mwenyewe linavyofanya kazi: nesi mgeni aliyekwisha kulisikia jina lake mwenyewe mbele ya daktari bingwa, baadaye anathubutu kusema, "Daktari, pamba moja haijatimia." Aliyenyamazishwa tangu mlangoni hasemi.

Juu ya vifaa nitasema kidogo tu, maana wengi mmepata mafunzo ya S tano, hatua tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza nayo mwaka 2007, mawazo yenyewe yakitoka viwanda vya Japani. Baadhi yenu mnayaona ni mambo ya kupanga mafaili na kubandika lebo wageni wakija. Mimi nayaona kama umbo la spana lililochorwa ukutani, pembeni ya mtungi, ili nafasi ikiwa tupu kila apitaye aione. Laiti umbo lile lingekuwa ukutani usiku ule.

Sasa nageukia viongozi mlio safu ya mbele, na hapa nitasema wazi. Baada ya kifo kile kiliitwa kikao. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa zamu?" na lilivyoulizwa, sote tulijua ni barua ya kujieleza inayotafutwa. Kwa hiyo tukashikilia ile ile: oksijeni iliisha. Aliyekuwa jioni akanyamaza, mimi nikanyamaza. Hakuna aliyepewa barua, na hakuna kilichobadilika. Miongozo ya mapitio ya vifo vya uzazi na watoto wachanga inataka kifo kijadiliwe bila kutafuta wa kulaumiwa, na nimekaa vikao vya hivyo vilivyoendeshwa vizuri. Humo nilisikia kwa mara ya kwanza daktari akisema, "Nilichelewa kuja, nilipigiwa simu mara mbili." Hakuna aliyemrukia. Wiki ile ile utaratibu wa kuita daktari ukabadilishwa. Mkitaka watu waseme "ni mimi", hakikisheni anayesema hivyo hamumfanyi mfano.

Na huruma wanayotakiwa kuwapa wagonjwa waionje kwanza kwenu. Asubuhi ile hakuna aliyetuuliza mmelala, mmekula, mko salama. Nililia kwenye daladala, nimeficha uso kwa mtandio, na usiku uliofuata nilirudi zamu. Yule mama sikumwendea. Nilimwona kwenye benchi akisubiri mwili wa mwanawe, nikapita upande wa pili wa korido. Mpaka leo hajui jina langu.

Sitaki mtoke hapa na maneno matupu. Nimemwomba matroni alete kitabu cha ripoti cha jana usiku, majina ya wagonjwa yamefunikwa kwa karatasi. Tutaisoma sentensi moja moja, na kila tutakapokuta "haikuonekana" au "ilichelewa" tutasimama, tuiandike upya tukimweka mtu aliyeona, aliyefanya au aliyeacha. Hakuna atakayeandikiwa barua, Mganga Mfawidhi ameniahidi hilo mbele ya wote. Sista uliyekuwa zamu jana, njoo mwanangu, kaa hapa karibu nami. Tuambie kwanza jina lako.