Usinunue Jina: Namna ya Kukagua Nakala ya Bunduki ya Kale ya Kijeshi

Mhadhara uliotolewa Tanga

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuitikia wito.

Mji huu una haki ya kuzungumzia bunduki za kale. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa, upande wa Ras Kasone, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa pili Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama 1,000 tu. Mnajua yaliyotokea: Waingereza walirudi melini mbio, wakaacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha kompania 3 nzima, bombomu, yaani bunduki za rashasha, 16 na risasi 600,000. Kwa askari wa Mjerumani hiyo ilikuwa neema kubwa, maana wengi wao walikuwa bado wanatumia Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayotiwa risasi moja moja, tena ya baruti ya moshi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linakusimamia kichwani na adui anajua ulipo.

Kwa historia hiyo, Tanga kila kitu chenye mtutu mrefu na mbao nzee huitwa Mauser ya Mjerumani. Nimeonyeshwa nyingi. Baadhi ni za kweli. Nyingine zilitengenezwa miaka mingi baada ya vita, na kiwanda cha kiraia, kwa ajili ya soko. Hizo za pili, ninazoziita nakala, ndizo zimenileta hapa leo, kwa sababu ndizo zinazowatia watu hasara, na mara nyingine zinawatia hatarini.

Kwanza sheria, na sitaizunguka. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitambui kisingizio cha "ya babu". Ukiikuta darini bunduki isiyo na leseni, usiibebe kuileta kwangu wala kwa fundi yeyote. Iache ilipo, nenda polisi ukatoe taarifa. Ninayoyasema leo ni kwa wenye leseni, na kwa ninyi vijana mnaotaka kuhifadhi urithi na kesho mtaandika kibandiko cha kabati la makumbusho. Kibandiko kikikosea, watoto wa shule watakosea miaka 50.

Mfano wangu unatoka Marekani, kwa kuwa huko nakala zimetengenezwa kwa wingi na habari zake ziko wazi. Ni M1 Garand. John Garand aliibuni, jeshi la Marekani likaipokea mwaka 1936, na hadi uzalishaji ulipokoma miaka ya 1950 zilikuwa zimetoka zaidi ya 5,000,000. Inabeba risasi 8 katika kibanio kimoja cha chuma. Ya mwisho ikitoka, kibanio kinaruka juu chenyewe.

Sasa tazameni mtego ulivyo. Nyingi za bunduki hizo za jeshi zimechongwa nyuma ya mwili wake maneno "Springfield Armory". Hicho kilikuwa kiwanda cha serikali, jimbo la Massachusetts, kikafungwa mwaka 1968. Mwaka 1974 ikaanza kampuni binafsi jimbo la Illinois, ikachukua jina lile lile, ikatengeneza Garand za kuuza kwa raia. Hakuna wizi hapo, na bunduki zao hazikufichwa kwamba ni mpya. Lakini mnunuzi wa mkono wa tatu anasoma jina, moyo unaruka, anatoa fedha ya bunduki ya vita kwa bunduki ambayo haikuona vita yoyote. Kwa hiyo jina lisome mwisho. Anza na chuma.

Chuma ninachokisema ni kile kipande cha kati kinachoshika mtutu mbele na kubeba ndani bolti, yaani kile kipande kinachokwenda mbele na nyuma kufunga risasi ndani. Mafundi wengine wanakiita risiva. Mimi nasema mwili wa bunduki. Vingine vyote hubadilishwa: mtutu, mbao, springi. Ukibadilisha mwili, una bunduki nyingine. Miili ya jeshi ilifuliwa, yaani chuma kilipigwa kikiwa moto hadi kikashikamana, kisha kikachongwa kwa mashine. Miili ya nakala nyingi ilisubiwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa katika kalibu. Jembe la mhunzi na sufuria ya kumimina vyote ni chuma, lakini huvipigi jiwe kwa imani ile ile. Hata hivyo nisiwadanganye: kusubu si kosa. Viko viwanda vinavyosubu miili ya bunduki kwa ustadi mkubwa na inadumu. Tatizo ni kwamba kazi yote iko katika kukipasha chuma moto na kukipoza kwa kipimo, na kazi hiyo jicho haliioni. Ndiyo maana nakala naipima kwa ukali kuliko ya jeshi.

Kuna aina ya tatu, na hiyo naiogopa. Jeshi lilipotupa bunduki zake, miili mingi ilikatwa vipande viwili kwa moto ili iwe chakavu. Watu wakanunua chakavu, wakaunga vipande kwa kuchomelea, wakapiga msasa, wakapaka rangi. Toa bunduki kwenye mbao zake, ipeleke juani, fuata njia ya bolti kwa ukucha. Ukucha ukikwama katikati, au rangi ya chuma ikibadilika kwa mstari, au bolti ikisita mahali pale pale kila unapoivuta, irudishe mezani. Usiulize punguzo.

Sasa niwaonyeshe ninavyofanya, na hili fanya baada ya kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu. Kilinzi cha triga cha Garand, kile chuma kinachoizunguka triga, ndicho kinachobana mbao na chuma pamoja. Kifunge polepole. Kinapobakiza kama upana wa kidole kufika nyumbani kwake, mkono lazima uhisi upinzani, ulazimike kusukuma. Kikienda chote laini, mbao zimeliwa au zimesinyaa, na bunduki itapiga leo kulia kesho kushoto. Huyo muuzaji anayekuambia "inahitaji kuzoewa tu" hajui, au anajua sana.

Kisha toa springi kubwa, rudisha ile fimbo ndefu inayoendesha bolti, na uiinamishe bunduki mbele na nyuma. Fimbo na bolti vishuke kwa uzito wao wenyewe, bila kusita. Msishtuke kuona fimbo hiyo imepinda. Ilibuniwa na mapindo yake, na fundi asiyejua aliyeinyoosha amekuharibia. Wanafunzi wangu huniona nalirudia jaribio hili mara nyingi. Nalipenda kwa sababu halihitaji kifaa chochote, na chuma hakina namna ya kukudanganya.

Mdomo wa mtutu nao utazame kwa makini. Garand ni vigumu kuisafisha kutoka nyuma, hivyo kwa miaka yote waliingiza ufito wa kusafishia kwa mbele, na ufito ukala mdomo kabla risasi hazijaumaliza mtutu. Ndani unaweza kung'aa vizuri huku mdomo umeshapanuka. Pana geji, yaani kifaa cha kupimia, ya mdomo na geji ya koo, pale chemba inapoishia. Fundi wa kweli anazo.

Geji muhimu kuliko zote ni za nafasi ya chemba, kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapoegemea. Ziko mbili. Ya kwanza, bolti lazima ifunge juu yake. Ya pili, bolti lazima ikatae. Funga kwa vidole, taratibu, usiiachie springi ipige. Bolti ikifunga juu ya ile ya pili, nafasi imezidi: ganda la risasi litatanuka, linaweza kukatika karibu na kitako, na moshi wa moto utafute njia kuelekea usoni mwako. Katika nakala kipimo hiki hakina mjadala, kwa sababu mara nyingi mwili ni wa kiwanda kimoja, bolti ni ya jeshi, mtutu ni wa mahali pengine, na hujui nani alivikutanisha.

Naona mkono. Mzee wangu pale mbele anauliza habari ya risasi, kama za dukani zinafaa. Swali zuri, mzee. Garand inaendeshwa na gesi inayochotwa karibu na mdomo wa mtutu. Risasi nyingi za sasa za kuwindia, zile nzito zenye baruti inayoungua polepole, zinafika pale na shinikizo kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na ile fimbo inapinda vibaya. Tafuta zilizotengenezwa kwa kipimo cha jeshi. Za zamani sana nazo zina adha yake: fataki zake, zile za kitakoni zinazowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo mafuta hayaiondoi. Osha kwa maji, kausha, ndipo upake mafuta. Kwa upepo wetu huu wa bahari, ukilala usiku mmoja bila kuosha, asubuhi kutu imeshaanza.

Mwaka 1915 meli ya Kijerumani Rubens iliandamwa na Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini yetu hapa, ikazama na shehena ya bunduki na risasi. Risasi ziliopolewa, zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Wajerumani walifanya hivyo kwa sababu ya vita. Wewe usiye vitani usipige risasi usiyoijua ilikotoka.

Bei, basi. Nakala nzima iliyopita vipimo vyote ni bunduki nzuri ya kupigia, na ilipiwe hivyo. Sehemu za jeshi zilizomo ndani yake zina thamani ya vipuri, haziifanyi ya vita. Muuzaji akikataa usiifungue, usibishane naye. Geji ziko hapa mezani, na huu mwili ulikatwa na kuungwa, haupigi tena. Karibuni, vijana kwanza, mpitishe ukucha.