Bomba la Mwisho na Daftari la Klorini

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati za maji, mafundi wa mitambo na wageni waalikwa.

Nimeombwa nizungumzie ubora na usalama wa maji ya kunywa katika miradi midogo. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, wengine zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitaanza kuwaeleza kipindupindu ni nini wala homa ya matumbo huenezwa vipi. Nakwenda moja kwa moja kwenye lile linaloninyima usingizi, nalo ni daftari la klorini, yaani lile ambamo fundi huandika kila siku kiasi cha dawa hiyo ya kuulia vijidudu kilichobaki ndani ya maji.

Niliwahi kuitwa kukagua mradi mmoja wenye kisima kimoja, tangi moja na vituo vichache vya kuchotea. Nikapewa daftari. Kila siku ya mwezi ule ilikuwa imeandikwa 0.5, yaani miligramu 0.5 za klorini kwa lita, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipotupa macho kwenye safu ya maelezo nikakuta kwamba tarehe 14 hadi 16 pampu ilikuwa imekufa na tangi lilikuwa tupu. Siku hizo tatu nazo zilikuwa na 0.5. Nikaomba kisanduku cha kupimia klorini. Kililetwa kikiwa bado kimevikwa nailoni ya kiwandani, na vidonge vyake vilikuwa vimepita muda. Nikatoa vyangu. Tulikwenda kwenye bomba la mwisho kabisa, lililo mbali zaidi na tangi, tukayaacha maji yatiririke kidogo, tukajaza kichupa hadi kwenye alama, tukatia kidonge, tukatikisa. Palipo na klorini, maji hugeuka waridi mara moja, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Tulisubiri huku fundi akikiinua kichupa juani. Maji yalibaki vilevile yalivyotoka bombani.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya, na watoto wake walikuwa wakinywa maji yaleyale. Alikuwa ameambiwa kwamba wakaguzi wanataka kuona 0.5, naye akawapa 0.5. Lawama yangu kubwa naielekeza kwa kamati, ambayo kwa mwezi mzima haikulifungua daftari hilo hata mara moja, kwani yeyote ambaye angelisoma ukurasa ule kwa dakika mbili angeuona uongo wake bila kuhitaji elimu ya kemia.

Msidhani haya ni mambo ya wasiosoma au wasio na fedha. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, wenye wakazi wapatao 4,800, mvua kubwa ilisomba bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe hadi ndani ya kisima kifupi kilicholisha mabomba ya mji. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilibaini kwamba kwa miaka mingi waendeshaji wa mtambo walikuwa wakijaza daftarini vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima, mara nyingi 0.5 au 0.75. Namba ni ileile! Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, niliukumbuka ukurasa wa yule fundi wetu. Waendeshaji wa Walkerton nao waliamini kwamba maji ya visima vyao ni salama, hata wakayanywa kabla hayajatiwa dawa, na kulikuwa na wakazi waliowasihi wapunguze klorini kwa sababu ya ladha yake. Majibu ya maabara yaliyoonesha uchafuzi yaliifikia mamlaka ya maji tarehe 17 Mei, lakini ofisi ya afya haikuambiwa. Tangazo la kuchemsha maji lilitolewa na ofisi hiyo kwa uamuzi wake yenyewe tarehe 21 Mei. Tume ilisema waziwazi kwamba iwapo klorini ingepimwa kila siku kisimani pale, kama ilivyopasa, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba ukubwa wa mlipuko ule ungepungua sana.

Sasa najua kuna anayesema moyoni: sisi tunapeleka sampuli maabara kila mwezi, na cheti tunacho ukutani. Ni vyema, endeleeni. Lakini tufanye hesabu. Mradi unaotoa lita 20,000 kwa siku hutoa lita 600,000 kwa siku 30. Kichupa cha maabara huchukua mililita 100, yaani sehemu moja kati ya sehemu milioni 6 za maji mliyowanywesha watu mwezi huo. Zaidi ya hapo, bakteria aina ya E. coli, wanaoashiria kwamba kinyesi kimeingia majini na ambao hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita hizo 100, wanahitaji takriban siku nzima ndani ya chombo cha joto kabla ya kuhesabika. Cheti kinapofika, maji yaliyopimwa yamekwisha kunywewa zamani. Cheti kinasema habari za saa ile na bomba lile tu. Mvua ya jana usiku hakiijui.

Klorini iliyobaki kwenye bomba la mwisho inaijua. Klorini tunayoitia kwenye tangi hupungua kadiri inavyokutana na uchafu, na kile kinachosalia ndicho kinachoendelea kuyalinda maji njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za kukaa na maji, na isipungue miligramu 0.2 mahali mtumiaji anapochota. Ikiwa kwa wiki mbili bomba lenu la mwisho limekuwa likisoma 0.4, na leo asubuhi linasoma 0.1 ilhali dawa imetiwa kwa kiasi kilekile, basi kuna kitu kimeharibika: bomba limepasuka mahali penye maji machafu, mfuniko wa kisima umeachwa wazi, au dawa yenyewe imechakaa. Mmelijua hilo ndani ya dakika tano, kabla ya mama wa kwanza kujaza ndoo. Lakini mtalijua tu ikiwa zile 0.4 zilikuwa za kweli. Namba ya kubuni huiharibu siku yake na siku zote zinazoifuata, kwa sababu hamna tena cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana nawaomba mafundi waandike sifuri wanapoona sifuri, na wasipopima waandike kwamba hawakupima, na ndiyo maana naziomba kamati zisimwadhibu fundi kwa kuandika sifuri. Mkimfokea leo, kesho atawaletea 0.5.

Kuhusu harufu ya dawa: nayachukua malalamiko hayo kwa uzito, kwa sababu mtu anayechukia harufu hurudi kwenye kijito. Mara nyingi harufu kali hutokana na dawa kumiminwa kwa kukisia, leo konzi mbili, kesho kopo. Pimeni. Tangi la lita 10,000 likihitaji miligramu 2 kwa lita, hiyo ni gramu 20 za klorini halisi. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 31 hivi. Unga huo ufungwe vizuri na uwekwe penye ubaridi na ukavu, maana ukiachwa wazi kwenye joto nguvu yake hupotea huku sura ikibaki ileile. Wanaoogopa kwamba klorini ni sumu wajue kwamba mwongozo uleule umeweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita, mbali sana na tunachokizungumzia hapa, na kwamba shirika hilo linaonya tusilegeze kuua vimelea kwa hofu ya mabaki ya kemikali yanayotokana na dawa.

Nakubali pia kwamba klorini ina mipaka. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua kwa kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiui, nao walikuwa na mtambo mkubwa kuliko yote mnayoiendesha ninyi. Maji ya mto au bwawa lazima yachujwe kwanza. Tope huwaficha vimelea na huimaliza dawa kabla haijafanya kazi. Ukungu wa maji ushushwe chini ya 1 NTU (kizio cha kupimia ukungu wa maji) ikiwezekana, na usizidi 5.

Naona Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikusudia kueleza ukaguzi wa eneo la chanzo kwa kirefu. Itoshe kusema kwamba mzunguke kisima kwa miguu kila wiki na mtazame uzio, nyufa za sakafu, maji yanayotuama, mifugo na vyoo vilivyo upande wa juu. Kemikali kama floridi, aseniki na naitreti hazionekani, hazinuki na wala haziondoki kwa klorini au kwa kuchemsha, kwa hiyo chanzo kipya kipimwe maabara kabla hata ya kununua bomba. Vikomo ni miligramu 1.5, 0.01 na 50 kwa lita, kwa mpangilio huo. Vyombo vya nyumbani vinastahili siku yake.

Vichupa na vidonge viko hapa mezani. Bomba lililo nje ya ukumbi huu ni la mwisho kwenye mstari wake, na mhudumu amenihakikishia kwamba daftari lake la leo bado halijaandikwa. Naomba tutoke tukalipime pamoja, kisha turudi kwa maswali.